Jiwe la Mume wa Gogo

Bellevue, Johannesburg

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au umewapa watu kama ile ya kwanza? Mama Shabani wa chumba cha mbele anarudi Kigoma Alhamisi na amekubali kubeba barua hii. Sisi wote wanne ni wazima. Baridi imeanza, asubuhi watoto wanapumua nje makusudi waone mvuke.

Umeniuliza mara tatu kwenye simu kama vyumba viwili vya uani umpe yule mwalimu anayevitaka, au ututunzie sisi tukirudi. Mara tatu nimekujibu "tutaona". Sasa nina jibu, ila nianze na habari iliyolileta.

Maisha ni yaleyale. Nyumba hii imegawanywa vyumba saba, jiko moja, kila familia na rafu yake. Mimi nashona sare za shule kwenye karakana mjini. Shemeji yako Ramadhani bado analinda ghorofa kule Hillbrow, na sasa amepewa zamu ya mchana. Salha ametimiza kumi na moja, Idi sita. Nikiwasemesha Kiswahili wananielewa na kunijibu Kiingereza; wakigombana, wanagombana kwa Kizulu. Jumapili tunatoka. Tukiwa na nguvu tunapanda kilima kilicho juu ya mtaa, watoto wanahesabu maghorofa. Tukichoka tunaishia kwenye bembea za bustani, Ramadhani amelala kwenye majani, kofia usoni.

Mahali pamoja sikuwa tayari kwenda: lokesheni, yaani ile mitaa ya wenyeji nje ya mji. Unajua kwa nini. Kule tulikokaa kwanza tulivunjiwa mlango tukaambiwa turudi kwetu. Ndiyo siku niliyokupigia nikakuomba usivipangishe vile vyumba.

Watoto wakitoka shule hukaa kwa Gogo Nomsa, jirani yetu humu ndani. Gogo ndiyo bibi kwa Kizulu, na kila mtu humwita hivyo. Anauza magwinya, maandazi yao yasiyo na iliki. Mwezi uliopita alitualika sote Soweto, lokesheni yenyewe, kwa mwanawe, kwenye kufunuliwa kwa jiwe la kaburi la marehemu mume wake. Nikamwambia Jumamosi nina kazi. Akamgeukia Salha, ambaye ndiye mkalimani wetu: "Mwambie mama yako Jumamosi hana kazi. Geti namfungulia mimi, najua siku anazotoka."

Ramadhani akasema, "Twende. Mtu hakuiti kwenye kaburi la mumewe ili akupige."

Nilijiandaa kwa msiba. Khanga kichwani, nyingine kiunoni, mfuko wa sukari na majani ya chai. Watoto niliwaonya wasicheke. Tulipofika tukakuta turubai limeziba nusu ya barabara, na muziki unapigwa. Nilidhani tumekosea nyumba. Getini alisimama kijana mrefu, akatuuliza, "Ninyi mnatoka wapi?"

Swali hilo nalijua. Nilimshika Idi mkono hadi akalalamika.

"Bellevue," Ramadhani akajibu.

"Bellevue ya Gogo? Kumbe ninyi ndio watu wa kuku. Eish, mmechelewa." Akatufungulia. Sikumwelewa, lakini niliingia.

Gogo alikuwa kwenye kiti, gauni jipya, wanawake kando yake wanakata kabichi. Nikavua viatu, nikakaa chini miguuni pake, nikamshika mkono, nikaanza kumpa pole. Machozi yalitoka ya kweli, maana nilimkumbuka baba, ambaye sikumzika. Gogo akamgeukia Salha.

"Salha, nani amekufa?"

"Mume wako, Gogo."

Visu vyote vikasimama. Gogo akazungumza, na Salha akanitafsiria bila kupunguza neno: "Mama, anasema huyo alikufa zamani, amemlilia akamaliza. Leo amepata jiwe lake, watu wanakula. Anasema futa kamasi."

Mwanamke mmoja akanisogezea ubao. "Njoo huku, dada. Kama lazima ulie, kuna vitunguu."

Walicheka, na mimi nikacheka, nikakata vitunguu. Ndivyo walivyo hapa: kuzika ni siku moja, na miaka ikipita ukipata uwezo wa kuweka jiwe unafanya karamu. Kwetu ukipiga muziki kwenye kaburi la mumeo ungesemwa hadi Uvinza.

Kisha yule kijana wa getini, kumbe ni mjukuu wa Gogo, akamchukua Ramadhani hadi nyuma ya nyumba. Nikawafuata. Kuku wawili walikuwa wamefungwa miguu, wazima, na pembeni sufuria mpya ambayo karatasi ya dukani ilikuwa bado haijabanduliwa. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa tangu jana yake. Hao kuku Gogo alikataza mtu asiwaguse, kwa sababu Idi alimwambia sisi hatuli nyama ambayo hakuchinja Mwislamu. Kijana akauliza Makka ni upande gani, akatafuta kwenye simu yake, akamgeuza kuku yeye mwenyewe kabla Ramadhani hajasema kitu.

Nilikaa pale nikinyonyoa na wale wanawake. Hakuna aliyeniuliza karatasi zangu za kuishi hapa.

Sisemi mji umekuwa salama, dada. Wiki hii hii, kwenye foleni ya zahanati, mtu alimwambia Mama Shabani arudi kwao, na ndiyo sababu mojawapo ya safari yake. Lakini mimi nilikuwa nahesabu siku hizo tu, na si haki kuiacha hii nje ya hesabu.

Tulipoaga nilimwambia Gogo kwamba niliyemlilia ni baba, akaniuliza kama kaburi lake nimeliona. Nikasema bado. "Nenda ukalione," akasema. "Halafu urudi. Hawa wana shule."

Kwa hiyo mpe mwalimu vyumba vyote viwili. Mimi na Ramadhani tumekubaliana, hatuhami. Desemba shule zikifungwa tutakuja wiki tatu, sote wanne, tulale sebuleni kwako kama wageni wengine.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli, na shangazi wa dagaa, umwambie kwamba Salha ana mdomo kama wake. Shemeji naye, na wanao wote. Ramadhani anakuamkia.

Tukifika, kesho yake asubuhi unipeleke kwa baba. Mimi bado sijalia nikamaliza, kwa hiyo nivumilie siku hiyo. Siku inayofuata niamshe mapema, twende sokoni.

Mdogo wako,
Zuhura