Gari Lako Lililosimama Waihuka

Te Karoro,
Kwa njia ya Ōpōtiki,
Aotearoa.
14 Julai

Mpendwa mdogo wangu Eruera,

Pokea salamu zangu za upendo, hata kama ukimaliza kusoma barua hii utajiuliza huo upendo umekaa wapi. U hali gani huko machimboni Australia? Kifua kimetulia, au bado unakohoa lile vumbi jekundu? Mkeo na wale mapacha hawajambo? Sisi huku ni wazima. Baridi ni kali, bahari imechafuka wiki nzima, na goti langu linauma mvua ikitaka kunyesha na hata isipotaka. Tunamshukuru Mungu.

Ujumbe wako niliupata. Umeniuliza mambo mawili: kwa nini Mama mkubwa Hūhana amezikwa Waihuka badala ya hapa kwetu kando ya mumewe, na gari jipya linafanyaje kazi. Eruera, hayo si mambo mawili. Ni jambo moja, na ninalijibu kwa barua kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Unakumbuka ule mkutano wa ukoo kwenye marae, nyumba yetu ya mikutano na misiba, ulipotutokea ukutani kwenye skrini, uso mkubwa kama mlango, juu kabisa ya picha za marehemu wetu? Ulisema lile gari letu la dizeli limezeeka na linatutia aibu kwenye misiba ya watu. Ukasema utatununulia gari la umeme la abiria wanane, milango inafunguka yenyewe, halina moshi wala kelele, na likijazwa umeme linakwenda kilomita mia tatu na hamsini bila kuomba kitu. Wazee wakatikisa vichwa kwa furaha. Mimi nikauliza kama hizo kilomita ni za gari tupu kwenye tambarare au ni za gari lililojaa watu wa kwetu, wakati wa baridi, kwenye milima yetu.

Ulinijibu hivi, nayanukuu maneno yako: "Dada Materoa, wewe hata kibaniko cha mkate unakiogopa." Watu wakacheka, nikakaa chini, na mkutano ukapita.

Dizeli likauzwa. Alilinunua mwindaji mmoja wa nguruwe, anabebea mbwa wake. Juzi nimeliona linapanda mlima na mbwa wamejaa hadi madirishani, wala halihemi.

Nisiseme uongo, miezi ya kwanza gari lako lilikuwa zuri. Lilipeleka watoto kwenye mechi, lilipeleka wazee kliniki, likarudi na umeme wa akiba. Kero ilikuwa ule ukimya wake. Shangazi Mereana amepoteza kuku wawili ambao hawakusikia kitu mpaka walipokuwa chini ya tairi, na tuliwala tukiwa hatusemezani.

Basi Mama mkubwa akafariki Hamilton, hospitalini. Nilikuwa nimemshika mkono. Siku ile ya mwisho alikuwa na akili zake timamu, na kitu alichoniomba ni kimoja tu, alale kando ya Baba mkubwa Rua. Nilimwahidi, nikamwambia hilo hata asilitilie shaka. Unajua jiwe la Baba mkubwa tuliliandika majina yote mawili, na kwake ikabaki tarehe tu. Mwenyewe alikuwa akipita pale anafuta vumbi jina lake na kusema kitanda kimeshatandikwa.

Ukapiga simu kusema abebwe na gari lako, asibebwe na gari la kukodi la mazishi. Ulilia, nami nikalainika. Binamu yetu Tūroa akang'oa viti vya nyuma, jeneza likaingia vizuri, tukakaa mimi na Mereana ubavuni na wengine mbele. Nyuma yetu alifuata Wī na pikapu yake imejaa viazi vitamu, nyama ya nguruwe na kambakoche kwa ajili ya wageni wa msiba.

Tuliondoka Hamilton asubuhi, betri imejaa pomoni, dashibodi inatuahidi kwamba tutafika na ziada. Ahadi hiyo ilianza kupungua kabla hatujaumaliza mlima wa kwanza. Tukizima hita, vioo vinaingia ukungu na Tūroa haoni barabara. Tukiwasha hita, namba zinashuka. Mereana alikuwa amejifunga mablanketi mawili, akauliza kama marehemu anasikia baridi kuliko sisi, maana yeye peke yake ndiye hajalalamika. Tulicheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho cha safari ile.

Ōpōtiki tulifika tukiwa hoi, gari na watu. Kituo cha kuchajia kiko nyuma ya duka la samaki na chipsi. Mashine ni mbili, moja imefungwa mfuko wa nailoni kuashiria kwamba ni mbovu. Ya pili ilikuwa imechomekwa kigari kidogo cha mtalii, mwenyewe kaenda kutembea ufukweni. Hivyo Mama mkubwa alikaa pale, yeye ambaye kwa mwiko wetu wa maiti chakula hakitakiwi hata kupita karibu naye, akipigwa na harufu ya mafuta ya kukaangia. Sisi hatukuweza kumwacha peke yake, hatukuweza kula mbele yake, na kila aliyetoka dukani na chipsi zake alituchungulia.

Mtalii alirudi, akaomba radhi, akaondoka. Tukaona sasa zamu yetu. Kumbe tundu la kuchajia la gari lako liko pembeni mbele, na gari lenyewe ni refu, waya haufiki. Tūroa akalirudisha nyuma, akaligeuza, akaliegesha mshazari mpaka likaziba njia ya magari ya dukani. Mwenye duka akatoka na aproni yake kutuuliza kama tumenunua ule uwanja. Mereana akamfungulia mlango wa nyuma. Yule bwana alipoona jeneza alivua kofia, akarudi ndani, na baadaye akazima majiko yake yote mpaka tulipoondoka. Hata leo namwombea.

Umeme uliingia kwa matone. Kwa baridi ile, na mashine kuukuu ile, Tūroa alikuwa akisimama mbele ya skrini yake kama anayesubiri mtu ashushwe kwenye ndege. Na jua likawa linashuka. Huko machimboni kwenu usiku na mchana ni mamoja, lakini hujasahau kwamba kwetu maiti haingizwi maraeni jua likishazama. Te Karoro wanawake walikuwa wamesimama tayari kumwita marehemu aingie, majani ya msiba vichwani, tangu saa tisa. Tukachomoa waya na kuondoka na robo ya betri, maana kusubiri zaidi kulikuwa sawa na kutofika.

Milima ya pwani unaijua. Dashibodi ikawa inasema kilomita sitini, tukapanda kona mbili, ikasema thelathini na tano. Hita tukazima, taa za ndani tukazima, simu zote tukachomoa. Tūroa akafungua kioo ili aone barabara, baridi ikaingia yote. Kisha ikatokea picha ya kobe kwenye dashibodi. Naapa Eruera, kobe. Mtu amelipwa mahali fulani duniani kuchora kobe ili amwambie aliyefiwa kwamba gari lake sasa litatambaa.

Likatambaa hadi Waihuka. Tūroa akasema kuna kona mbele yetu na jabali, hawezi kuliacha lizimike hapo, akakata kulia na kulipumzisha mbele ya lango la marae ya Waihuka. Palepale likafa. Te Karoro ilikuwa imebaki mwendo mfupi tu, ule tuliokuwa tunautembea kwa miguu kwenda kwenye dansi.

Najua unachofikiri: pikapu ya Wī. Pikapu ya Wī ilikuwa imejaa chakula, Eruera. Ungetaka nimlaze Mama mkubwa juu ya nguruwe?

Na Waihuka si lango la watu baki. Pale ndipo alipozaliwa. Unajua walivyochukia alipoolewa kwetu, na unajua ndiyo sababu kila msiba wetu ukipita pale tunapunguza mwendo, tunashusha vioo, tunainamisha vichwa na kupita. Wote wa pwani hii wanajua kwamba ukisimama na marehemu mbele ya watu wake, umewapa neno la kusema, wamdai abaki kwao. Mtoto mdogo analijua hilo. Ni gari lako tu ambalo halikufundishwa.

Hatujafungua hata mlango, mwito ukatoka. Mwanamke mmoja, kisha wawili, wanamwita Hūhana kwa jina lake la utoto, jina ambalo mimi aliyenilea sikuwahi kulisikia. Jua lilikuwa limebaki ukingoni. Tukambeba tukaingia.

Walitupokea vizuri, siwezi kuwasema kwa hilo. Magodoro, mablanketi, mifupa ya nguruwe na mboga za majani za mtoni, supu ya moto. Tūroa akavuta waya mrefu kutoka jikoni kwao hadi langoni ili gari lipate nguvu na alfajiri tuwaage na kuondoka kabla wazee hawajajikusanya. Alipochomeka tu, majiko yakazimika. Akachomoa, yakawaka. Akachomeka, yakazimika. Mpishi mkuu wao, mama mmoja mnene mwenye sauti, akatokea dirishani.

"Chagueni, gari au nguruwe," alisema. "Vyote viwili havipikiki hapa."

Wageni walishaanza kuingia. Ukarimu wa watu huwezi kuuzimia jiko. Tūroa akauzungusha ule waya mkononi, akaurudisha. Asubuhi tulilikuta gari kama tulivyoliacha, na kobe wake.

Wa kwetu walikuja mapema, Mzee Pāora ndiye msemaji, wakitaka kumchukua na gari lolote. Pāora alisema maneno mazuri. Alisema mke ni wa nyumba ya mumewe, akasema jiwe limeshaandikwa, akasema Hūhana alitulea sote. Nilidhani tumemaliza.

Ndipo akasimama Mjomba Tiwini, mdogo wake Mama mkubwa, yule wa mwisho, anayetembelea fimbo mbili. Hakupandisha sauti. Alisema dada yake hakuwahi kulala usiku mmoja nyumba ya baba yake tangu alipoolewa, kwa sababu ya ubishi wa watu waliokwisha kufa wote. Alisema kila mwaka aliyaona magari yetu yakipita na vioo vimeshushwa, na akawa anasimama dirishani kuona kama dada yake yumo. Akanigeukia mimi.

"Mwanangu Materoa, sisi hatukumkamata mtu. Amekuja mwenyewe akasimama mlangoni."

Nikamwambia, "Ni betri, mjomba. Iliisha."

"Njia yote ile kutoka Hamilton," akasema, "na ikaisha hapa."

Alikuwa analia, Eruera, mzee wa miaka ile, machozi yanadondoka kwenye fimbo zake. Nilimwangalia Mzee Pāora anijibie. Pāora amebishana na mawaziri, amebishana na maaskofu, lakini kubishana na hilo alishindwa. Angesema nini? Angesimama mbele ya maiti aeleze habari za hita na waya mfupi? Alikaa chini. Alipokaa, nilijua tumempoteza.

Siku ya tatu tukamzika Waihuka, kando ya mama yake. Watu wanasema ni jambo jema, ule ugomvi wa zamani umekwisha, na kweli sasa watoto wa Waihuka wanakuja kwetu kucheza. Wanasema Mama mkubwa ndiye aliyelisimamisha gari kwa makusudi. Wanasimulia hivyo hadi Whakatāne, kwa raha kabisa. Mimi nilikuwemo ndani ya gari. Mimi ndiye niliyemshika mkono akaniambia anachotaka. Sitaki hadithi nzuri, nilitaka nitimize nilichomwahidi, na nimekasirika, na ninakukasirikia wewe.

Ukiniuliza sasa linafanyaje kazi, nitakwambia. Kila Jumapili linanipeleka kaburini Waihuka na kunirudisha, na betri haishuki hata kidogo. Safari hiyo linaiweza.

Jiwe la Baba mkubwa bado liko pale na majina mawili, na chini ya mojawapo hayupo mtu. Mzee Pāora hataki lichongwe upya mpaka wewe uwepo, na mwakani tukifunua jiwe jipya la kaburi lake huko Waihuka lazima uje, sitasikiliza habari za zamu na mabosi. Usikodi gari. Nitakuja Hamilton kukupokea kwa gari hili hili. Tūroa atang'oa viti vya nyuma, na wewe utakaa chini pale alipolala yeye. Tutasimama kila liliposimama. Tukifika langoni kwa Tiwini utashuka, na utamweleza wewe mwenyewe kwamba ilikuwa betri.

Nisalimie sana mkeo, na uwabusu mapacha kwa niaba yangu. Mereana anakusalimu, anasema wale kuku wake wawili anakudai wewe nafsi yako. Tūroa na Wī wanakusalimu. Mzee Pāora hakutuma salamu, aliuliza tu utakuja lini.

Mungu akulinde huko chini ya ardhi, akupandishe kila jioni ukiwa mzima, na akurudishe kwetu kabla hatujaisha.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata leo,

Materoa