Ramani ya Ng'ombe wa Mzee Yonas

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Sumbawanga. Tarehe 14 Mei 2025, saa 4:10 asubuhi.

Jina: Hellena Sichalwe. Umri: miaka 36. Kabila: Mfipa. Dini: Mkristo, Mkatoliki. Kazi: mhadhiri na mtafiti wa sayansi ya kompyuta. Makazi: Sumbawanga mjini.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kueleza ninayoyajua kuhusu kifo cha Mzee Yonas Luhende, mfugaji wa kitongoji cha Kalundi, njia ya Mpui.

Mnamo mwaka 2023 nilianza utafiti Kalundi pamoja na mwenzangu Calvin. Kila msimu ng'ombe wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga waliingia kwenye mahindi na ulezi wa wenyeji, na watu wakaumizana. Mimi nimezaliwa hapo, kwenye nyumba ya wakulima. Tuliwavalisha ng'ombe kola zenye kifaa cha kutambua walipo. Kisha tukatengeneza programu ndogo ndogo tunazoziita mawakala. Kila mfugaji ana wakala wake, kila mkulima ana wake. Mawakala hao hufanya kazi kwenye kompyuta za mbali tunazozikodi kwa intaneti, wenyewe tunasema ziko kwenye wingu. Huko hujadiliana nani apitishe mifugo wapi, kisha kila mtu hupata ujumbe kwenye simu yake.

Wakala wa mkulima haambiwi ng'ombe walipo. Anaambiwa tu kama shamba lake liko salama. Niliuunda mfumo hivyo kwa makusudi, na ndiyo sababu Mzee Yonas alikubali. Aliniambia, "Mwalimu, mimi hapa bado naitwa mgeni. Wakijua ninapolisha, watanimaliza." Nikamwahidi kwamba hakuna atakayejua.

Misimu miwili ilipita, hakuna aliyepigwa.

Tarehe 9 Mei 2025, siku ya Ijumaa, saa 9 alasiri, nilipigiwa simu na Bertha, mke wa Mzee Yonas. Alisema, "Wamekuja moja kwa moja mpaka bondeni. Hawakumuuliza mtu njia." Nilienda na gari langu. Nilikuta ng'ombe wamekatwa miguu ya nyuma, wengine wakiwa hai, wanajaribu kusimama. Mzee Yonas alikuwa amelazwa juu ya turubai, ana jeraha la panga kichwani. Alifia garini kwangu tukimpeleka hospitali, amelalia mapaja ya mkewe.

Siku iliyofuata asubuhi nilimfuata Calvin nyumbani kwake. Hakukataa. Alisema, "Wakulima walikuwa wanalalamika tunawapendelea Wasukuma. Nikawafungulia ramani ya mifugo yote, nikaituma kwenye kundi lao la WhatsApp, waone mfumo unafanya kazi." Nikamwambia mtu amekufa. Akasema, "Panga sikushika mimi." Kisha akaniuliza kama bado tutawasilisha makala yetu kwenye mkutano wa mwezi wa saba. Nilichomjibu hakifai kuandikwa hapa.

Alinionyesha simu yake. Chini ya ramani, wa kwanza kujibu aliandika, "Tumewaona. Vijana, twendeni." Namba hiyo ni ya Mathias Sichalwe. Huyo ni kaka yangu, baba mmoja, mama mmoja.

Mama amenipigia mara nyingi akinisihi nisimtaje. Jana aliniambia, "Umesomeshwa na mahindi ya Mathias, leo unamfunga?" Ni kweli, ada yangu aliilipa yeye. Nimemtaja.

Jana mchana nilikwenda Kalundi. Mfumo nilikuwa nimeshauzima. Mimi na Bertha tuliwavua kola ng'ombe waliobaki. Alikuwa ameshafunga vyombo, tayari kuhama na watoto. Nilimuuliza wanakwenda wapi.

Aliniambia, "Unataka kujua ili iweje, mwalimu?"

Hakunitajia mahali, na mimi sikuuliza tena.

Niliyoyasema ni yale niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, na nayathibitisha kuwa sahihi.

Sahihi ya shahidi: H. Sichalwe

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti Felisiani, kama shahidi alivyoyatoa kwa hiari yake. Amekabidhi nywila za mfumo na kola zote. Mke wa marehemu anahitajika kutoa maelezo. Shahidi hafahamu alipo.