Kopo Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi 2014
Sanduku la leo ni la daktari wa jeshi. Vita vya Kwanza vya Dunia, upande wetu wa Afrika Mashariki. Bwana Saidi kalinunua mnadani, atamuuzia tajiri mmoja wa Doha. Kazi yangu ile ile: fungua, toa, bandika namba, andika kinachosomeka. Mikasi. Bendeji. Daftari dogo. Makopo ya dawa.

Makopo ya zamani huja matupu. Namba 17 halikuwa tupu. Vidonge vya kahawia, vingine vimesagika kuwa unga. Lebo inasema afyuni. Nikaandika hivyo hivyo: afyuni, vidonge vimo. Kisha daftari. Nilipekua kurasa huku nikilamba kidole, kama nilivyozoea tangu shule. Uchungu mdomoni. Nikadhani vumbi.

Orodha imekwenda kwa wakala wa forodha saa kumi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeelewa leo nikiwa kwenye metro, nimeshika chuma kwa mkono ule ule. Kile kidole. Ule unga. Nimemeza afyuni.

Nchi hii ya Waarabu hawapekui mifuko tu. Wanapima mkojo, na kilichomo mwilini nacho ni kosa. Tulionywa Nairobi kabla ya kupanda ndege.

Nimekunywa chupa tano za maji. Mutiso, tunayeishi naye chumba kimoja hapa Karama, amenitazama nikienda chooni mara ya sita. "Wee, umeoa choo? Tuletee basi mwaliko." Sikucheka. Sijamwambia.

Jumatano, 5 Machi
Nimelisoma daftari, kazi inataka hivyo. Bora nisingelisoma.

Askari wana majina. Wapagazi wana namba tu. Mpagazi 212: anahara damu, vidonge viwili vya afyuni, ametembea. Siku ya pili: 212, vitatu, amebeba. Siku ya tatu: 212 ameachwa njiani, mzigo amepewa mwingine.

Basi. Mstari unaofuata ni wa mvua.

Najua afyuni hufunga tumbo na kutuliza maumivu. Daktari hakuwa na dawa nyingine, labda. Lakini hakumpa apone. Alimpa mzigo ufike.

Baba yake babu alichukuliwa Machakos kubeba mizigo ya vita hivyo. Hakurudi. Kwetu hakuna ajuaye alianguka wapi. Kidole bado kinanuka, kama majani makavu. Nimekiosha kwa sabuni ya vyombo.

Alhamisi, 6 Machi
Wakala wa forodha amepiga simu. Ameusoma mstari wangu wa kopo namba 17. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Hajaipeleka orodha forodhani, lakini hawezi kujifanya hakuiona. Anataka jibu Jumapili.

Bwana Saidi ni Mzanzibari wa familia ya zamani hapa, huniita mwanangu. "Vimwage chooni, mwanangu. Andika tupu. Khalas." Saini kwenye orodha ni yangu. Yeye ndiye kafeel wangu, mdhamini wa kibali changu cha kukaa hapa. Nimeitikia.

Nimekaa na kopo saa nzima. Sikumwaga. Nimelifungia kabatini. Mimi ni mwoga hata wa kutii.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetoka kanisani, sikusikia neno la mahubiri. Karibu na kituo cha metro, vibarua wa ujenzi wamekaa kivulini wakingoja basi lao. Kofia zao zina namba. Nikaanza kuzisoma moja moja. Nilikuwa namtafuta 212. Namtafuta kweli, mchana kweupe. Mmoja akaniuliza kwa Kihindi nataka nini. Nikakimbia.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwambia Bwana Saidi sitamwaga. Mikono ilitetemeka, nikaificha nyuma.

"Unataka nikafie jela, Daudi? Na umri huu?"

Nikamwambia wakala ameshaona. Nikamwambia na habari ya kidole. Akakaa juu ya kreti, akavua kofia, akanitazama kama mtu anayenipimia sanda.

"Na ulikuwa unajua watakupima?"

"Ndiyo, bwana."

Akachukua funguo za gari. "Haya, twende. Lakini nitasema mimi kwanza. Wewe ukitetemeka hivyo watadhani umeua."

Kituo cha polisi cha Naif nilieleza yote. Afisa aliuliza mara mbili juu ya kidole. Akanipa gazeti, nikamwonyesha ninavyofunua kurasa. Hakutabasamu. Wamechukua mkojo, kopo na pasipoti yangu. Nimeruhusiwa kulala nyumbani.

Jumatatu, 10 Machi
Hawajapiga. Siwezi kula.

Jumatano, 12 Machi
Hawajapiga. Nimemwambia Mutiso. Hakufanya mzaha. Kanikaangia mayai, akakaa hapo mpaka nikamaliza.

Alhamisi, 13 Machi
Kipimo ni safi. Pasipoti nimepewa. Afisa alinirudishia na kopo, limeoshwa, pamoja na karatasi yenye mhuri kwamba vidonge wamevichukua wao. Bwana Saidi ameniachia ofisi, kaenda kuswali.

Nimeandika orodha upya. Namba 17: kopo la dawa, tupu. Ni kweli sasa.

Namba 18: daftari la daktari. Mwanzoni niliandika tu, kurasa zote zimo. Leo nimeongeza: wapagazi wametajwa kwa namba, majina hayakuandikwa. Tajiri wa Doha labda hatausoma mstari huo.

Kabla ya kulifunga sandukuni nimepekua tena, kwa kidole kikavu, polepole, mpaka ukurasa ule alipoachwa 212. Nikabaki hapo kidogo.