Kodiani Badala ya Koo

Jumatano, 5 Machi

Daktari hakunificha. Rovu, ule uvimbe wa shingoni, limetoka lote, kovu limepona vizuri, lakini mshipa unaoendesha sauti uliguswa siku ya upasuaji. Miezi saba sasa. "Kama ingerudi, mama, ingekuwa imesharudi." Nikamuuliza: na kuimba? Akasogea, akatega sikio. Nikarudia. Akatikisa kichwa — sijui hakusikia, sijui ndilo jibu.

Kazini walishanitoa kwenye kupokea simu. Nipo stoo, napanga maboksi ya glavu. Maboksi hayangoji kujibiwa.

Jioni baba watoto kaniuliza kwa kunong'ona kama nimekula. Kila mtu ananinong'oneza siku hizi! Masikio yangu ni mazima, jamani.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu wetu wa zamani wa kwaya kanipa kodiani yake. Kaiburuta kutoka uvunguni na vumbi lake. Mgongo wake hauiwezi tena. "Wewe pumzi unayo," kasema, "umekosa tu pa kuipitishia." Nikalia pale pale. Hata kilio changu siku hizi ni upepo.

Nzito kama mtoto aliyelala. Kulia vibao kama vya piano, kushoto vitufe vidogo vidogo, katikati mvukuto. Kitufe kimoja kina kishimo. Hapo ndipo nyumbani, anasema mwalimu. Ukipotea, patafute kwa kidole.

Mfa maji haachi kutapatapa.

Jumapili, 9 Machi

Mazoezi saa mbili nzima. Mkono wa kulia unajua unachotaka, wa kushoto ni mgeni kabisa. Nikikumbuka mvukuto nasahau vitufe. Baba watoto anasema inakoroma kuliko yeye. Jirani kaja, hodi kwa heshima zote, kuuliza kama tunahama — amesikia makabati yakiburutwa. Nilicheka. Mara ya kwanza tangu... sijui lini.

Alhamisi, 13 Machi

Sikupiga. Mabega yanauma. Nilikaa nayo mapajani tu, naifungua, naifunga, bila kubonyeza kitu. Inapumua.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda. Bora nisingekwenda!

Ukumbi ni ule ule, nyuma ya saluni ya mpiga gitaa wetu, tunayemwita Kinyozi: viti vya plastiki, spika moja inayokwaruza. Kila Jumamosi mchana, mwenye chombo chake anapanda, anaungana na wenzake. Miaka tisa nimeimba pale. Kinyozi, gitaa begani, akanikumbatia mimi na kodiani pamoja. "Leo kitu chepesi, dada. Utaingia ukiwa tayari."

Sikuwa tayari. Wimbo ulikwenda mbio, nami nikaukimbilia kama mtu aliyeachwa na basi. Nilipoingia, niliingia sipo. Nikatafuta kile kishimo — vidole vimelowa jasho, vitufe vyote vinafanana. Halafu kimoja kikanasa ndani. Kikalia mfululizo, mlio mmoja, hata Kinyozi alipoacha kupiga. Mtu wa nyuma akapaza sauti: achana na hicho, tuimbie! Alikuwa mgeni, hajui. Waliojua wakainamisha vichwa.

Kisha wakapiga makofi. Mengi mno. Makofi ya rambirambi. Afadhali wangenizomea.

Jumatatu, 17 Machi

Mdogo wangu kaja na mfuko wa machungwa. Huyu ndiye aliyekuwa akiniitikia nyuma jukwaani, tangu tukiwa wasichana. Akazungumza habari za watoto, za mvua, za viatu. Mwishowe: Kinyozi amemwomba aimbe Jumamosi. Wimbo gani? Akaangalia meza. Ule wangu — nilioutunga mwaka aliofariki mama.

"Ukikataa, dada, naapa sifungui mdomo."

Nikasema imba. Nililazimika kusema mara mbili, maana ya kwanza haikutoka. Kuna maneno mtu hapaswi kuyasema mara mbili.

Akafurahi! "Na wewe upige kodiani, tuwe wote!"

Ijumaa, 21 Machi

Nimeupiga ule wimbo mara arobaini hivi. Ubeti wa kwanza unakubali. Kiitikio hakitaki. Mwalimu anasema mwaka mmoja, labda miwili. Mimi nina kesho.

Jumamosi, 22 Machi

Niko chumba cha nyuma cha saluni, kwenye kiti cha kunyolea kilichovunjika. Daftari juu ya kodiani. Mapumziko. Wakirudi ni zamu yetu.

Asubuhi tulijaribu. Mdogo wangu ameupandisha juu, panapofaa koo lake. Mimi nimejifunzia pale nilipokuwa nauimba mwenyewe. Huko juu vidole vyangu havijawahi kufika. Kinyozi kasema nibonyeze sauti moja moja tu, polepole, haidhuru. Haidhuru!

Lakini si hilo. Ni kwamba anauimba vizuri. Vizuri kuliko mimi. Ile sehemu ya mama, niliyokuwa naipita haraka nisije nikalia, yeye anakaa humo humo, haogopi. Kinyozi alifumba macho. Miaka tisa nimeimba kando yake, macho yake yalikuwa wazi.

Nilidhani nimepoteza kitu kisicho na mfano. Kumbe kilikuwa nyuma yangu muda wote, kikiitikia.

Nampenda. Naandika nisije nikasahau kwamba nampenda.

Mdogo wangu anagonga. "Dada, tayari? Wanatusubiri."

Nimesema nakuja.

Hajasikia. "Dada? Umo?"

Nimesema tena, kwa nguvu zote, mpaka kovu limevuta. Sasa anamwambia mtu: pengine ameshaondoka, msimfuate, mwacheni apumzike. Viatu vyake vinakwenda zake.

Ningebonyeza kibao kimoja tu, chochote, wangejua nipo. Mlango haujafungwa hata. Ni kusukuma.

Gitaa limeanza. Nimevaa mkanda mmoja wa kodiani begani. Wa pili —