Mlango Juu ya Shimo

Jumatatu, 2 Septemba

Fomu nimeipata! Kurasa kumi na nane. Karani wa dirisha namba tatu, ofisi za jiji, kanipa moja tu — ukiiharibu, anasema, hakuna nyingine. Nimeibeba kwenye bahasha kama yai.

Ni ruzuku ya jiji ya kutengeneza viwanja vya vijana. Mwaka jana tulipata habari muda umeshapita. Mwaka huu hakuna kuchelewa, maana barua ya jiji haina kona: kiwanja kisichoingia kwenye mpango safari hii kitageuzwa maegesho ya malori ya soko. Kiwanja chetu! Nilichorukia kamba nikiwa na miaka saba. Malori!

Mwenyekiti wa kamati yetu ya kiwanja — dereva mstaafu, kila neno lake linaanza na "kwa uzoefu wangu" — kaamua mimi ndiye nijaze kwa kuwa ni karani. Mimi ni karani wa mafaili zahanati. Kazi yangu kutafuta faili la mgonjwa huku mgonjwa anakohoa dirishani. Miradi naijulia wapi? Lakini nimekubali. Sijui kukataa, huo ndio ugonjwa wangu.

Miguu inawaka moto.

Jumatano, 4 Septemba

Swali la kumi na moja: eleza tatizo kuu la kiwanja kwa maneno yasiyozidi hamsini.

Nimeandika hivi. Kwenye kona, nyuma ya goli, kuna shimo la majitaka lisilo na mfuniko. Mfuniko uliibwa. Mwaka jana msichana wa miaka kumi na tano alitumbukia akifuata mpira, akavunjika mguu sehemu mbili. Nikaongeza kwamba alikuwa kipa bora mtaani, halafu nikafuta. Maneno yalizidi.

Ni binti wa mdogo wangu. Mtaa mzima unamwita Kipa, hata sasa ambapo hadaki tena. Mguuni ana chuma. Jioni anakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa kiwanja, filimbi shingoni, anawafokea watoto wadogo wanaojifunza. Wanamwogopa kuliko mwalimu mkuu.

Nilimsomea nilichoandika. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema: mama mkubwa, andika pia kwamba kulikuwa kunanuka.

Sijaandika. Hamsini yametimia.

Jumanne, 10 Septemba

Muhuri wa serikali ya mtaa — mwenye muhuri yuko semina. Rudi kesho.

Jumatano, 11 Septemba

Mwenye muhuri yupo. Wino umeisha.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimenunua wino mwenyewe! Kagonga. Nikakimbia jijini kabla hawajafunga. Karani wa dirisha namba tatu kafungua, kafunua, kaniangalia juu ya miwani. Mhtasari wa kikao uko wapi? Kikao gani? Kikao kilichokaa kukubaliana kwamba mnataka ruzuku.

Dada yangu wee, nikamwambia, nani akae kikao kukataa?

Hakucheka. Nami nikajua kwa nini. Ni sura yangu mwenyewe ile, ya saa tisa mchana, mgonjwa akiniambia kadi kaisahau nyumbani. Kumbe ndivyo wanavyonionaga.

Jumatatu, 16 Septemba

Mhtasari umeandikwa, wajumbe saba wamesaini kwenye boneti ya gari bovu la Mwenyekiti. Fomu imepokelewa. Imepokelewa! Mkaguzi atakuja kuona kiwanja Jumatatu ijayo. Yeye ndiye anayepiga picha, yeye ndiye anayetoa alama.

Nimelala saa kumi na mbili jioni na viatu.

Jumapili, 22 Septemba

Siku kama ya leo sijawahi kuiona. Habari ya mkaguzi ilizagaa, na mama yangu akaibeba kichwani. Ana miaka sabini na nne, anakaa kwangu, na ndiye mwenye nyumba hata kama kodi nalipa mimi. Baada ya chai kashika ufagio, katoka. Mgeni anakuja kwetu, anasema, atukute na takataka? Atasema hapa hapana watu?

Na mtaa mzima ukamfuata! Wakafagia, wakafyeka, wakachoma majani. Fundi wa kuchomelea akanyoosha goli lililopinda tangu enzi za baba. Bembea mbili zikafungwa minyororo mipya. Rangi nyeupe ikapigwa kwenye mawe. Watoto wakabeba taka hadi giza linaingia.

Halafu shimo. Hilo tufanye nini? Nikakumbuka mlango wa stoo yangu, wa mbao nzito, tuliuvua bawaba zilipooza. Nikasema chukueni. Mimi nilisema, hakuna aliyeniomba. Ukakaa sawasawa juu ya lile shimo, hauchezi. Mama akautandazia udongo, akapanga makopo yake manne ya maua.

Nilisimama pale kiuno kinaniuma na nikaona fahari. Naiandika hivyo hivyo: niliona fahari.

Jumatatu, 23 Septemba

Mkaguzi kaja. Kijana mpole, viatu safi, ubao wa kuandikia. Kazunguka kiwanja, kapiga picha. Mama kampa soda. Kainywea wapi? Kasimama juu ya mlango wangu, kati ya maua! Kayasifu. Mama kamwambia akitaka mbegu aje na mfuko.

Nikamwambia, baba, hapo uliposimama ndipo penye tatizo letu kuu, swali la kumi na moja. Akaangalia chini. Akasema, pamependeza.

Mwenyekiti akacheka, kila mtu akacheka, nami nikacheka. Mgeni humbishii.

Jumatano, 9 Oktoba

Tumekosa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Barua nimeisoma tena leo, kati ya faili na faili. "Hali ya kiwanja: nzuri. Mazingira: ya kuvutia. Uhitaji: mdogo." Tumekosa kwa sababu tulifagia! Kiwanja cha ng'ambo ya soko kimepita, kile chenye dimbwi ambalo bata wanaogelea. Hakuna aliyeligusa. Wamekaa tu.

Sijamwambia Mama sababu. Aliniuliza, nikasema wengi waliomba. Akasema, basi yule kijana hatapata mbegu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Dirisha namba tatu. Foleni masaa mawili, nimeomba ruhusa kazini na bosi kanikunjia uso. Rufaa inaruhusiwa, mara moja. Mkaguzi atarudi mara hiyo moja tu. Nikamwambia karani: shimo lipo, tumelifunika tu, akija tutamfunulia alione kwa macho yake.

Haiwezekani. Mkaguzi anaandika anachokikuta. Hafunuliwi kitu, hachimbiwi kitu. Kuna kikundi, kaniambia, mwaka juzi walichimba shimo lao wenyewe asubuhi ya ukaguzi, ndipo ikatungwa hii kanuni: kilichofunikwa kinahesabiwa kimetengenezwa.

Kimetengenezwa! Kwa mlango wa stoo!

Kanihurumia lakini, nadhani. Kaniazima kalamu yake niandike rufaa hapohapo, na alipoona naandika nimesimama kaniambia nikae. Ni mara ya kwanza nimekiona kiti upande ule wa dirisha.

Jumatano, 16 Oktoba

Ukaguzi wa rufaa: Jumatatu tarehe 21, saa mbili asubuhi.

Kipa kaniuliza kama tutapita. Nikasema tutapita. Akasema, mama mkubwa, ukidanganya pua inakutoka jasho. Nikaifuta, tukacheka. Halafu kasema wakileta malori atakiegesha kiti chake katikati wampige honi mpaka betri ziishe. Alikuwa anatania na alikuwa hatanii.

Jumapili, 20 Oktoba

Kikao cha kamati, nyumbani kwa Mwenyekiti. Wajumbe wote saba. Kwa uzoefu wangu, kasema, mtu anaona kile ulichomwekea mbele. Goli lipindwe tena. Minyororo ya bembea itolewe. Na shimo lifunguliwe. Hatudanganyi, kasema, tunarudisha vilivyokuwa.

Fundi wa kuchomelea alinung'unika — kupinda alichonyoosha, hajawahi kuombwa kazi hiyo. Mwingine akauliza, na watoto je? Mwenyekiti akajibu saa mbili asubuhi watoto wako shule. Mkaguzi anakuja, anaona, anaondoka, saa nne mlango umesharudi. Na mtu atakaa hapo kulinda.

Nani? Wote wakaniangalia mimi.

Ikapigwa kura ya mikono. Wangu niliunyoosha. Haukuwa mzito, ndilo linalonisumbua. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningeunyooshea chochote ili nikalale.

Tukaenda kulifungua shimo jioni, watu wameshaingia ndani. Makopo ya Mama niliyapanga ukutani mwenyewe. Mlango ulipoinuliwa harufu ikatoka, ileile. Kipa hajaambiwa. Hakuna aliyesema asiambiwe, ila hakuna aliyemwambia.

Jumatatu, 21 Oktoba

Saa mbili na nusu. Naandikia kiwanjani, kwenye kile kiti cha plastiki, hatua tano kutoka kwenye shimo. Mkaguzi bado. Goli limepinda vizuri, Mwenyekiti kaenda kumpokea barabarani.

Saa nne. Bado. Mwenyekiti kapiga simu: gari la jiji lina pancha. Kwa uzoefu wake, dakika arobaini.

Saa sita. Pancha imezibwa, sasa mkaguzi yuko kwenye kikao. Atakuja lakini. Nimeomba siku nzima kazini, mwenzangu ananitumia ujumbe kila saa kuuliza faili fulani liko wapi. Rafu ya tatu, namjibu. Yote yako rafu ya tatu.

Jua linachoma. Mama kaniletea maji na mwavuli. Akaliona shimo. Akayaona makopo yake ukutani. Akayanywesha maua maji niliyobakiza, akarudi nyumbani.

Saa saba na nusu. Nilitaka kuurudisha mlango na kuiacha rufaa ijifie. Nikampigia Mwenyekiti. Subiri, anasema, ametoka kikaoni, yuko njiani, miezi miwili ya kazi unaitupa kwa nusu saa? Nikasubiri. Watoto wanatoka shule saa nane. Mimi si nipo? Nawaona wote kutoka hapa.

Saa tisa na dakika kumi.

Nilisinzia.

Naandika ukweli, hakuna anayesoma humu. Nilikaa kulinda shimo nikasinzia na mwavuli mkononi. Kilichoniamsha ni filimbi. Haikuwa ile ya kufokea, ilikuwa moja ndefu isiyokatika. Nafumbua macho: mtoto wa kike, wa darasa la kwanza nadhani, begi mgongoni, kasimama hatua moja kutoka ukingoni. Anachungulia. Mpira wake umeshaingia. Na Kipa anakuja kutoka getini anakimbia. Anakimbia! Sijamwona akikimbia tangu mwaka jana. Anachechemea vibaya, anapuliza, haachi kupuliza, kamdaka yule mtoto kiunoni wakaanguka wote upande wa huku.

Mtoto mzima. Analilia mpira.

Na mimi? Nilibaki kwenye kiti.

Kipa alijifuta vumbi. Akaliangalia shimo, akauangalia mlango ulioegeshwa ukutani karibu na maua ya bibi yake. Akauliza bila kupaza sauti: mama mkubwa, nani kalifungua?

Kamati, nikasema.

Nani kwenye kamati?

Wote saba.

Na wa saba anamjua ni nani, maana mimi ndiye niliyemwonyesha ule mhtasari wenye saini, nikijisifu. Nikaanza kumweleza kanuni ya dirisha namba tatu, kilichofunikwa kinahesabiwa — nikaishia hapo. Jasho lilikuwa linanitoka puani na safari hii sikuwa nadanganya.

Hakulia. Afadhali angelia. Alikwenda akashika mlango upande mmoja, akaniambia: shika huko. Nikashika. Mzito, kiuno kikalia. Tukauburuta hadi ukakaa. Aliwapanga watoto mstari upande wa pili wa kiwanja, akawapa mazoezi. Halafu karudi akaketi juu ya mlango, katikati, mguu wa chuma kaunyoosha. Nilimsogezea kiti. Kakikataa.

Nikamwambia, mwanangu, tusipopata hii ni malori. Hapana kiwanja tena. Anajua, kasema. Akikaa hivi anafanana na mama yangu.

Nikamwuliza, basi akija tumwambie nini? Akasema: akitaka kujua chini kuna nini aniulize mimi. Mimi nimewahi kuingia.

Saa tisa na nusu. Naandika ili mikono ipate kazi. Gari jeupe limesimama getini. Wameshuka. Ni yuleyule kijana wa soda, viatu leo vina vumbi. Mwenyekiti anatangulia anamwonyesha goli lilivyopinda, anamwonyesha bembea. Wanakuja huku. Mwenyekiti kauona mlango — kasimama. Ananiangalia mimi, anatikisa kichwa polepole, anataka nimwinue Kipa.

Kipa hasogei. Mkaguzi kafunua ubao wake, kachomoa kalamu, anamwuliza, binti, mbona umekaa chini —