Viatu Juu ya Mkeka

Mjukuu wangu Zamzam,

Salamu nyingi kutoka Koboko. Mama yako mzima, mihogo ya shamba letu la Lurujo imekubali, ila mimi situlii tangu useme unatengeneza ile mashine kuukuu ya kufyonza vumbi.

Unauliza kwa nini nataka uvae viatu ndani, na mimi ndiye niliyekufundisha kuvivua mlangoni.

Nikiwa msichana, kule Arua, kaka yangu Ramadhani alitengeneza mashine kama hiyo, ya chuma, kabla ya Idi. Aling'arisha kila kitu, akausahau waya uliochakaa. Tulikuwa tumetoka kupiga deki. Akasimama miguu mitupu kwa heshima ya mkeka wa mama, akaiwasha. Umeme ukamrusha hadi ukutani. Alipona, alhamdulillahi. Mengine siyaandiki.

Baadaye alibadilisha waya, akataka kuijaribu tena. Mama, aliyetuchapa kwa kukanyaga mkeka na viatu, akaleta buti za baba, akaziweka juu ya mkeka mwenyewe.

"Vaa," akasema. "Mkeka iko mingi. Wewe iko moja."

Basi tia waya mpya, fundi aukague, sakafu ikauke. Ukishaiwasha nipigie hapo hapo, simu iko mkononi mwangu. Na ule mkeka niliokusukia, ukanyage na viatu.

Bibi yako, habuba wako