Stoo Uliyoniombea

3 Juni

Dada,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua ila anatembea. Natumai mafua yamekuachia.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu unanikata kauli. Nilikwenda kwenye usaili wa msimamizi msaidizi, tawi la huku la hilo duka lenu la viatu. Wakaniuliza ningefanya nini mteja akirudisha kiatu alichokwisha kukivaa. Nilijibu kwa sauti ndogo, lakini nilijibu. Leo meneja, yule tunayemwita Miwani, ameniita. "Tunakupa stoo, kupanga maboksi," akasema. "Tumempigia dada yako, maana yeye ni meneja mwenzetu. Anasema hata wageni nyumbani unawakimbia."

Ni kweli ulisema hivyo?

Mdogo wako

7 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mafua yamekwisha. Mwambie mama apunguze kupanda ngazi.

Nilisema, na sijutii. Wewe ndiye wa kusimama mbele ya mteja anayetukana? Juzi mmoja amenirushia kiatu. Ungelia hapohapo, na kama ningekusifia, aibu ingekuwa yangu. Stoo hakuna wa kukugombeza. Nimekuombea mahali pa kukufaa, badala ya kushukuru unaninunia. Shule umemaliza juzi, umeshaota mapembe.

Dada yako

10 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama amepata nafuu kidogo.

Unasema mimi mwoga. Sawa. Lakini ni lini uliniachia niseme? Daktari akiniuliza naumwa wapi, unajibu wewe. Fundi cherehani akiniuliza gauni liwe refu au fupi, unajibu wewe. Nikivuta pumzi nianze, umeshamaliza na tunaondoka. Kwenye usaili hukuwepo. Nilisema sentensi nzima, nikaanza nyingine, na watu wazima watatu wakanisikiliza. Ukanifuata hata huko.

Kwako siji tena kutembea. Na usiseme nimenuna. Nimekasirika.

Mdogo wako

15 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Msalimie mama.

Barua yako niliisomea dukani, ikabidi nijifungie chooni. Wafanyakazi wangu wakadhani tumbo. Haya, umeshinda. Leo asubuhi nimempigia Miwani nikamwambia nilikosea, akupe usimamizi. Amekubali kwa sababu mimi nimekudhamini. Unaanza Jumatatu. Vaa blauzi nyeupe, nywele zibane vizuri, usiangalie chini. Akigusia mshahara mwambie mimi na yeye tumeshaelewana.

Umeridhika sasa?

Dada yako

20 Juni

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama anasema umpigie.

Jumatatu nilikwenda. Miwani akanipa beji ya msimamizi akasema, "Mshukuru sana dada yako." Nikairudisha juu ya meza. Nikamwambia kama majibu yangu ya usaili hayakutosha, basi simu ya dada haiwezi kuyatosheleza. Nikasema stoo naichukua, ila nafasi ikitangazwa tena wanisaili upya, na wasimpigie mtu.

Akanitazama juu ya miwani yake. "Dada yako anajua haya?"

"Atajua nikimwandikia."

Mshahara nimepatana naye mimi mwenyewe. Ni mdogo. Nikaomba nauli, akakataa, nikaomba tena, akatoa.

Mama amenigombeza, anasema nimeitupa bahati. Huenda. Leo nimeshinda na viatu vya watoto, vumbi limenijaa puani, na mwenzangu wa stoo hana adabu hata kidogo. Ndiyo kazi niliyoichagua.

Usinipigie kuniambia nifanye nini. Sijakusamehe, na sijui itakuwa lini. Miwani akikupigia tena kuuliza habari zangu, mwambie ashuke stoo aniulize mimi.

Mdogo wako